Kinanda Kimoja Kalemng'orok

Msomaji, ukitoka Kitale ukaishika barabara ya Lodwar, ukapita Kapenguria, ukateremka Marich na kuvuka Kainuk, basi kabla hujafika Lokichar utakikuta kituo kidogo kiitwacho Kalemng'orok. Maduka ya mabati upande huu, maduka ya mabati upande ule, migunga michache, mbuzi waliolala kwenye kivuli cha lori lililoharibika, na jua. Habari za jua hilo nilikuwa nikizisikia tangu utotoni, maana wazee wetu walikuwa wakitwambia kwamba Waingereza walipotaka kumkomesha Mzee Jomo Kenyatta baada ya kesi ya Kapenguria ya 1952 na 1953, walimpeleka kule kule: Lokitaung kwanza, kisha Lodwar. Nilikuwa nikidhani wazee wanatia chumvi. Niliposhuka garini alasiri ile, mkoba mkononi na kofia imelowa jasho, niliwasadiki wote kwa pamoja.

Nilikwenda kumtazama binamu yangu, mtoto wa mjomba, ambaye ana duka pale. Yeye ni mtu wa Lamu. Kabla ya kushika biashara alikuwa mpiga kinanda wa taarabu Mombasa, na mimi vilevile, tukipokezana katika kikundi kimoja, usiku wa arusi yeye akipiga nusu ya kwanza nami nikipiga ya pili, au kinyume chake ikiwa biriani imechelewa.

Sikuhitaji kuuliza duka lake liko wapi. Nilisikia kinanda. Ilikuwa bayati, tena bayati yenye kuchechemea, na mara ile ile nikasikia sauti nzito ya mtu mzima ikipiga kelele:

"Zima hiyo! Mbuzi wangu watadhani kuna matanga!"

Sauti ya binamu yangu ikajibu: "Mbuzi gani? Wale watatu? Waambie waje, niwapigie wacheze, huenda wakanenepa."

"Wewe mla samaki!"

"Nawe mla punda!"

Nikasimama katikati ya barabara. Nilifikiri nimefika siku mbaya, na kwamba hapa sasa hivi rungu litanyanyuliwa. Badala yake nilisikia kicheko, vicheko viwili, kisha cha tatu chembamba cha kijana, na kinanda kikaanza tena. Nilipoingia niliwakuta watatu wamekaa: binamu yangu nyuma ya meza ya duka, mzee wa Kiturkana juu ya kigoda chake cha mti, na mtoto wa mzee huyo, kijana wa miaka ishirini na kitu, amekipakata kinanda magotini. Mzee akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni, akamwuliza binamu yangu: "Huyu naye anakula samaki?" Akaambiwa ndiye mkubwa wa wala samaki. Basi akanipa mkono wa amani. "Ejok," akasema. Nami nikafundishwa pale pale kujibu.

Kinanda chenyewe kina safari yake. Kilikuwa cha Mkongomani mmoja aliyekuwa akiimbisha kwaya katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992. Mtu yule alipopata safari ya kuhamia Marekani alikiuza, kikapita mkono hadi mkono, mpaka kikafika Lodwar, ambako binamu yangu alikwenda kununua unga akarudi na kinanda. Kina meno 61, mawili kati yake hayalii. Kinatumia umeme wa jua kutoka kwenye paa la duka. Jumapili kijana hukibeba kwenda nacho kanisani, jioni hukirudisha. Siku nyingine hukaa dukani, na wao wawili hukipokezana kama vile sisi tulivyokuwa tukipokezana Mombasa, ila kwa matusi mengi zaidi.

Kijana husema kwamba taarabu ni kilio cha mtu aliyeibiwa. Binamu yangu husema kwamba nyimbo za kijana ni kengele ya mbuzi iliyopata umeme. Kijana husema kwamba mtu wa pwani hawezi kufika mwisho wa wimbo kwa sababu kila mara husimama njiani kujikuna, na hapo ana maana ya yale madoido tunayoyatia baina ya beti. Binamu yangu humjibu kwamba yeye kijana ana vidole kumi lakini vinane ni vya kushikia fimbo ya ng'ombe. Mambo ya namna hii tangu asubuhi mpaka taa inawashwa.

Hapa sina budi kumtetea kijana kidogo, kwa sababu lawama yake juu ya bayati ina haki ndani yake. Msomaji apendaye taarabu anajua kwamba bayati, na rasti pia, zinataka sauti iliyoko baina ya jino moja la kinanda na jino la pili. Mpiga udi huipata kwa kuteleza kidole, mpiga fidla vivyo hivyo. Mpiga kinanda hana njia: ama jino jeupe ama jino jeusi. Siku hizi viko vinanda vilivyotengenezwa kwa ajili ya Waarabu, ambavyo unabonyeza kitufe na jino linashuka kwa robo, lakini kinanda cha kwaya ya Kakuma si mojawapo. Ndiyo maana wapiga udi wa Mombasa siku zote wametucheka. Wakituita mafundi wa kushona bila sindano ndogo. Sisi tukiwajibu kwamba wao, kabla hawajamaliza kukaza nyuzi, bibi arusi amekwisha kuzaa. Tangu siku za Matano Juma na Morning Star, ambapo ogani ilipata jina kubwa Mombasa, ubishi huu haujapoa, wala sidhani kama yuko anayetaka upoe.

(Wako masheikh wetu wasioupenda muziki wa aina yoyote. Suala hilo nawaachia wenyewe, sina elimu ya kulifungua hapa.)

Jioni ile, baada ya magharibi, tulikaa nje juu ya mkeka nikasikiliza. Mzee alizungumza Kiswahili kizuri kuliko nilivyotazamia. Kumbe miaka ya 1980 alikuwa taniboi wa lori, akifika mpaka Mombasa. Aliiona bahari. Ndiyo silaha yake kubwa. "Maji yote yale," akasema, "na hata ng'ombe mmoja hawezi kunywa! Nani aliwadanganya mkae pale?" Binamu yangu akamkumbusha kwamba Ziwa Turkana nalo lina magadi. Mzee akasema magadi ni dawa ya tumbo, chumvi ni ugonjwa. Hapakuwa na hakimu.

Kisha likaja suala la punda. Waturkana ni watu wanaokula nyama ya punda, na sisi kwetu nyama hiyo ni haramu, jambo ambalo mzee analijua vizuri sana na halikomi kumshangaza. Lamu, kama mjuavyo, ni mji wa punda. Vichochoro ni vyembamba, gari haliingii, basi mchanga, saruji, maji, mizigo yote ni mgongoni mwa punda. Siku za Maulidi hushindanishwa mbio. Mzee alipohadithiwa mara ya kwanza habari hizi, miaka mingi nyuma, alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema: "Mji mzima umejaa nyama, nanyi mmekaa juu yake na njaa." Alipoambiwa kwamba Lamu punda wana hospitali yao wenyewe, akauliza punda anafanya nini hospitali. Akaambiwa akiugua anatibiwa. Mzee akatikisa kichwa: "Sisi hatumngoji augue."

Nilicheka mpaka nikamwaga chai. Lakini nilitaka kujua imekuwaje. Maana mimi ni mtu wa pwani, na sisi tunao utani, tena tunaujua una mipaka yake na wenyewe wake. Babu na mjukuu ni watani: babu humwita mjukuu wake wa kike mke wangu, na bibi mzaa mama humfukuza mjukuu wa kiume kama mume mvivu. Shemeji ni mtani. Binamu, yaani mtoto wa mjomba au wa shangazi, ni mtani, ndiyo maana mimi na mwenye duka tangu utotoni hatujapata kuambiana neno moja la adabu. Lakini mtu na baba yake hawataniani, wala mtu na mkwewe. Huko Tanzania utani ukavuka ukoo ukawa wa makabila. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara, ambapo watu wa bara walikuwa wakifika pwani na kuhitaji wenyeji. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali miaka ya 1870 na 1880, nao leo ni watani wakubwa. Mtani huja msibani akafanya kazi za mazishi, na huku akimsimanga maiti kwamba amekufa makusudi akwepe deni, na wafiwa hucheka na machozi yao machoni. Mzungu mmoja, R. E. Moreau, aliyekuwa Amani kule Usambara na ambaye kazi yake hasa ilikuwa ndege, alivutiwa na mambo hayo hata akaandika juu ya utani wa Tanganyika mwaka 1941.

Sasa Mturkana na mtu wa Lamu, utani wao umetoka wapi? Hawakupigana vita, hawakuoana, hawakusafiri pamoja na pembe za ndovu. Niliuliza.

Mzee alinieleza kwa upande wake. Alisema Waturkana wanaume wamegawanyika makundi mawili, Ng'imor, maana yake mawe, na Ng'irisae, maana yake chui. Baba akiwa jiwe, watoto wake wa kiume wote ni chui. Na watoto wa hao chui watakuwa mawe, kama babu yao. Kwa hiyo kila baba na mwanawe wako pande mbili mbalimbali, na babu na mjukuu wako upande mmoja. Katika ngoma, katika nyimbo, katika karamu ya nyama, mawe na chui hushindana na kuchekana. Mzee yeye ni chui. Akamnyoshea kidole kijana wake: "Huyu ni jiwe. Umeona wapi jiwe linapiga kinanda?" Kijana akajibu, bila kuacha kupiga, kwamba amepata kusikia habari za chui mwenye meno, lakini huyu wa kwao amebakiwa na manne. Mimi nikashtuka. Mtoto kumwambia baba yake neno lile! Kwetu angepigwa kofi na kila mtu aliyeko kibarazani. Mzee alicheka, akafungua mdomo ili nihesabu.

Akaniambia jambo jingine. Katika Kiturkana neno emoit ni mgeni, na neno hilo hilo ni adui. Hakuna mawili. Mtu asiyekuwa wako ni emoit mpaka apate jina jingine. Jina jingine lenyewe ni lopai, rafiki wa kupeana mifugo, ambaye ukienda kwake na shida anakupa mbuzi, naye akija kwako na shida unampa. Binamu yangu alipofika Kalemng'orok hakuwa na mbuzi wa kumpa mtu. Alikuwa na sukari, na daftari la mkopo, na huyo samaki mkavu aliyemleta kutoka pwani, aliyenuka duka zima. Mzee alimwambia pale pale, siku ya kwanza, kwamba mtu hula samaki pale ng'ombe wake wanapokwisha. Kwa wafugaji wa Turkana, uvuvi ulikuwa kazi ya aliyefilisika. Binamu yangu kwa kutojua akadhani ni mzaha, akamrudishia mzaha. Mzee akaupenda mrejesho. Ndivyo ilivyoanza.

Yapo ya kila siku ambayo ningeweza kuyaandika mpaka ukurasa ukajaa. Mwezi wa Ramadhani mzee hukaa dukani tangu saa kumi na kutangaza, "Jua limekufa! Kula!" na bado liko juu kama sinia. Hufanya hivyo mara tatu, mara nne. Lakini linapotua kweli yeye huwa amekwisha kumimina maji katika kikombe, akamsogezea bila neno. Mwaka 2018, malori ya mafuta ghafi yalipoanza kupita kutoka Lokichar kwenda Mombasa, mzee alikuwa akisimama nje akiyahesabu, kisha anaingia na kudai mkate wa bure, kwa hoja kwamba watu wa pwani wamechukua mafuta yake. Kisima cha kwanza kilichoonekana na mafuta huko, mwezi wa Machi 1912 wa Kiturkana, kama asemavyo yeye kwa kuchanganya miaka makusudi, maana hasa ni 2012, kiliitwa Ngamia. "Ngamia wangu," husema, "amekamuliwa, maziwa yamekwenda Mombasa, mimi nimeachiwa vumbi la lori." Shehena ya kwanza ilipakiwa melini Mombasa Agosti 2019. Binamu yangu alimwahidi kwamba bomba la kwenda Lamu likijengwa, lile linalosemwa tangu mradi wa LAPSSET ulipozinduliwa Machi 2012, atatoboa tundu dogo hapo Kalemng'orok kwa ajili yake. Mzee bado anadai tundu lake.

Na kwa kuwa nimemtaja ngamia: binamu yangu aliwahi kumhadithia mzee habari ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, na mtu aliyemwomba mnyama wa kupanda. Mtume alimwambia atampandisha juu ya mtoto wa ngamia. Mtu yule akasikitika, mtoto wa ngamia atanifaa nini, mpaka akatanabahishwa kwamba kila ngamia, hata awe mkubwa namna gani, ni mtoto wa ngamia jike. Mzee aliitaka hadithi hiyo arudiwe mara mbili. Akasema aliyesema maneno hayo aliishi na ngamia. Tena akahadithiwa habari ya Zahir, yule bedui aliyekuwa akileta zawadi kutoka jangwani, ambaye Mtume alimjia kwa nyuma sokoni akamkumbatia na kunadi kama anauza mtumwa. Zahir akasema kwamba atamwona bidhaa isiyo na bei, na Mtume akamjibu kwamba mbele ya Mwenyezi Mungu bei yake ni kubwa. Mzee alinyamaza hapo. Yeye pia ni mtu wa jangwani, huleta zawadi.

Nilikuwa nimekaa katika kicheko hicho chote na jambo moyoni. Nitalisema, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike.

Sisi wanamuziki wa pwani tumezaliwa katika mashindano. Mababu zetu walikuwa na beni: Mombasa Kingi na Skochi, Tanganyika Marini na Arinoti. Tanga walikuwa na Black Star na Lucky Star. Lamu, katikati ya miaka ya 1970, uchaguzi uligeuka mashairi ya Kimondo yakizungushwa mjini kwa kaseti. Miaka ya 1990 Dar es Salaam nzima iligawanyika kwa mipasho ya TOT na Muungano, Khadija Kopa huku na Nasma Khamis kule. Sina ugomvi na hayo, nimeyacheza na kuyashangilia. Lakini katika Sura ya Hujurat, aya ya 11, tumekatazwa watu wasiwacheke watu wengine, maana huenda wachekwao wakawa bora, na nimeisoma aya hiyo tangu chuoni bila kudhani inanihusu.

Miaka mingi iliyopita, katika arusi moja Mombasa, alikuwako mpiga kinanda mwenzetu, mkubwa wangu kwa umri, fundi hasa. Usiku ule alikuwa akikosea. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukibaki nyuma. Nikachukua kipaza sauti, na mbele ya watu wote nikasema kwamba bwana huyu leo mkono mmoja ameuacha kwa mke mdogo, apelekewe salamu aurudishe. Watu walivunjika mbavu. Nami niliona nimesema neno kubwa la mwaka. Yeye hakujibu. Alimaliza wimbo, akashuka. Baada ya wiki mbili tulipata habari kwamba ni kiharusi kilichokuwa kikianza, na upande ule wa kushoto ukalala kabisa. Hakupiga tena. Nami sikwenda kumtazama. Kwanza kwa aibu, kisha kwa sababu sikuwa nimekwenda, na kila mwezi uliopita ulizidi kuufunga mlango.

Usiku ule wa Kalemng'orok nilimhadithia binamu yangu, aliyekuwa tayari anaijua habari yenyewe nusu. Hakunituliza. Alinihadithia ya kwake.

Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosekana. Mbuzi wa mzee walianza kufa. Kila siku mzee alikuja dukani akakaa kigodani, na kila siku binamu yangu akaona aibu kumtania. Utamtaniaje mtu juu ya mbuzi na mizoga iko nyuma ya nyumba yake? Basi akaanza kumwambia pole mzee, shikamoo mzee, karibu mzee. Akimtilia sukari katika karatasi bila ya kuandika daftarini. Akizungumza naye kwa sauti ya chini. Hata kinanda akakizima mzee anapoingia, kwa heshima.

Mzee akaacha kuja. Siku tisa hakuonekana. Binamu yangu alidhani ni njaa, akampa kijana unga apeleke nyumbani. Kijana akarudi na unga. Siku ya kumi mzee mwenyewe akasimama mlangoni, hakuingia.

"Mimi nimekufa lini?" akauliza.

Binamu yangu hakufahamu.

"Unanisemesha kama mtu wa hospitali. Pole, pole, pole. Mbuzi wamekufa. Mimi nimekufa? Kinanda hiki kina meno mengi kuliko mbuzi wangu, najua, nimehesabu. Sema wewe! Ulikuwa na mdomo mbuzi walipokuwa wengi."

Binamu yangu aliniambia kwamba koo lilimkauka. Kila neno lililomjia lilikuwa kama kisu. Mwishowe akalitoa lile baya kuliko yote, lile ambalo alikuwa amelihofu tangu mbuzi wa kwanza afe. Akasema: "Basi, mzee, sasa ng'ombe hakuna, mbuzi hakuna. Imebaki nikufundishe kula samaki."

Mzee alimkazia macho. Kisha akacheka, akacheka hata akashika mlango, akaja akakaa kigodani pake. Akachukua sukari na akataka iandikwe daftarini. Iliandikwa. Mvua iliporudi mwaka 2023 na mbuzi wakaanza kuzaa, alilipa, si yote, lakini alilipa, na mbuzi mmoja jike akamleta dukani amefungwa kamba, akasema huyu si malipo. Ndipo akamwita lopai. Mbuzi huyo nimemwona. Anakula makaratasi ya duka.

Nilimwuliza mzee asubuhi yake, tukinywa chai, mtu ajue vipi neno gani ni utani na lipi ni jeraha. Nilitaka jibu la kuandika gazetini. Alinitazama kwa huruma, kisha akamwambia binamu yangu kwa Kiswahili ili nisikie: "Huyu ndugu yako, kichwa chake kimekaa sana karibu na chumvi." Akaniuliza kama yule mwenzangu nilipomcheka nilirudi kesho yake. Nikasema sikurudi. "Mimi nilirudi," akasema. "Siku ya kumi, lakini nilirudi." Akaagiza kijana anipe kinanda.

Nilipiga. Sikuwa nimegusa kinanda muda mrefu, na yale meno mawili mabovu yalinikamata kila nilipopita. Kijana alisema kwamba sasa amefahamu kwa nini binamu yangu aliihama Mombasa. Mzee alisema mbuzi wamesimama, hawajawahi kusimama, huenda wanaona haya kwa niaba yangu. Nilipiga mpaka gari la Kitale likapiga honi.

Nimerudi Mombasa. Ijumaa iliyopita, baada ya sala, nilikwenda Majengo nyumbani kwa yule fundi. Binti yake alinifungulia, akanitazama, akanipisha. Mzee amekaa kitandani, mkono wa kushoto juu ya mto. Tuliamkiana. Yeye hakusema zaidi, nami maneno niliyoyatayarisha njia nzima, yote ya samahani na ya Mwenyezi Mungu akuafu, yalinikimbia. Kinanda chake cha zamani kiko pembeni, kimefunikwa kanga.

"Umekuja kuutazama mkono?" akaniuliza.

Moyo ukanienda mbio. Nikasema: "La, sheikh. Nimekuja kuona kama mke mdogo ameurudisha."

Kimya kilikuwa kirefu. Binti alikuwa mlangoni ameshika pazia. Mzee aliushika mkono wake wa kushoto kwa wa kulia, akaunyanyua, akautazama kama kitu kilichookotwa, akauweka tena juu ya mto.

"Huu umelala, ulifanya kazi," akasema. "Wako huo uko macho miaka yote, na bado hujui kupiga." Kisha, bila ya kunitazama: "Ulikuwa wapi?"

Nikamwomba radhi hapo, na alinyamaza, hakusema amenipa wala hakusema hakunipa. Alimwambia binti yake alete kahawa, na akifunue kinanda kile, atoe vumbi. Ijumaa hii amesema nije mapema.